Wewe Si Mwanzilishi, Unajificha Nyuma ya Laptopu

Tuambiane ukweli. Ukibadilisha bayo yako kutoka "developa" hadi "Mwanzilishi na Mkurugenzi Mkuu", hujaanzisha kitu. Umebadilisha bayo tu.

Najua kwa sababu huyo msee alikuwa mimi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, nikajifungia bedsita Kahawa West miezi saba nikitengeneza programu ya kusaidia akina mama mboga kurekodi madeni ya wateja. Niliandika kodi mpaka nikashindwa kulipa kodi ya nyumba. Ilikuwa na grafu, ilikuwa na rangi za mchana na za usiku, ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kuitumia. Miezi saba, na sikuwa nimeuliza mama mboga hata mmoja. Hata yule ananiuzia sukuma kila jioni!

Siku nilimpelekea, aliiangalia kwa heshima, kisha akachomoa kitabu chake cha madeni kando ya nyanya.

"Kijana wangu, kuandika si shida. Hawa wote nawajua. Shida ni kuwaambia walipe. Naona haya."

Sasa hiyo haya ningeiweka wapi kwenye grafu?

Wasee, kuandika kodi ni raha yetu. Kompyuta ikikataa, angalau inakuonyesha kosa liko mstari gani. Mteja akikataa, anakuambia "nitakucheki" halafu anapotea. Ndio maana tunaongeza kitufe kingine badala ya kwenda sokoni. Tunaiita kazi. Ni woga.

Na usiniambie eti bidhaa nzuri hujiuza. Hata M-Pesa, ilipojaribiwa 2005, ilikuwa ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa. Waliokuwa wanaijenga wakaangalia, wakasikia, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuja kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Wangeng'ang'ania mpango wa kwanza, pengine leo bado tungekuwa tunampa dereva wa basi bahasha ya kupelekea shosho.

Utaniuliza, kwa hivyo developa atupe ujuzi wake? Zii. Utauhitaji, lakini baadaye. Mimi nilirudi kwa mathe nikamwambia, "Nipe majina kumi, mimi ndio nitawakumbusha." Kila Ijumaa nilituma meseji moja moja, kwa mkono, kwa simu yangu, bila programu yoyote. Wiki ya tatu akanipa shilingi 200 na nyanya za kubeba.

Mia mbili! Cheka tu. Lakini nikiwa developa, bosi alikuwa ananipa orodha ya kazi na mimi namaliza. Hii hakuna mtu alinipangia. Nililipwa na mtu ambaye nilimwondolea shida yake mwenyewe.

Mamangu bado anaambia majirani niko likizo ya masomo. Simlaumu. Miezi saba yote alipouliza nauza nini, nilikuwa namwonyesha skrini.

Kwa hivyo wiki hii funga laptopu. Tafuta watu kumi wenye hiyo shida unasema unaisuluhisha, nyamaza, wacha waongee. Ukishindwa, baki developa. Ni kazi ya heshima na mshahara unaingia. Lakini hilo neno "mwanzilishi" litoe kwa bayo.