Kabla Uinue SUV Yako, Cheki Kwanza Kama Inashika Barabara

Pita Kirinyaga Road ama Industrial Area Jumamosi mchana utaona hii story na macho yako. Forester, X-Trail, Harrier na Prado zimepiga foleni, kila moja inangoja kuwekwa spesa ama ile mipira ya kupachika katikati ya springi ndio isimame juu kidogo. Fundi anamaliza haraka, mwenye ndai anapiga picha, inaenda Insta. Kwa picha ndai inakaa simba. Shida inaanza Jumapili ikishuka Mai Mahiu na watu watano ndani na mizigo kwa buti.

Tuambiane ukweli mapema. SUV nyingi za Kanairo zinaishi kwa lami. Ni Waiyaki Way, Thika Road na Expressway, na mara moja moja Naivasha, Nanyuki ama Mombasa. Lakini doo ya saspensheni inaenda kwa urefu, haiendi kwa kushika barabara. Hizo ni vitu mbili tofauti, na mara nyingi ukinunua moja unapunguza ingine.

Kwa nini hii maneno ni ya saa hii

Kwanza, magari yamekuwa ghali. Mwaka 2023 ushuru wa forodha wa magari kutoka nje ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35, na hiyo ni kabla hujalipa zile kodi zingine. Wasee wengi wameamua kukaa na ndai waliyonayo ama kubuy ile imeshatumika hapa Kenya. Maanake SUV nyingi kwa barabara zinazidi kuzeeka.

Pili, hata ile inaitwa "fresh kutoka Japan" si mpya. Kenya inakubali gari isiyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na wengi huchukua zile ziko karibu na huo mwisho ndio bei ishuke. Injini inaweza kuwa fiti kabisa, lakini mpira ni mpira. Bushi na maunti zimekaa miaka saba kwa joto na baridi, halafu zinakuja kukutana na matuta ya Kenya.

Tatu, mwaka 2025 NTSA ilileta rasimu ya kanuni za ukaguzi ambayo inataka hata gari za kibinafsi zilizopita miaka minne zikaguliwe. Madere wengi walipiga kelele, na kuna hoja za maana pale kuhusu gharama na hongo. Lakini uliza swali moja tu: mkaguzi akiingia chini ya ndai yako leo, atapata nini?

Hesabu ya urefu haidanganyi

Marekani kuna shirika la usalama barabarani, NHTSA, ambalo hupima uwezekano wa gari kubingirika kwa hesabu rahisi sana. Unachukua upana kati ya tairi ya kushoto na ya kulia, unagawanya kwa mara mbili ya urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini. Namba ikiwa kubwa, gari imetulia. Saluni huwa karibu 1.3 hadi 1.5. SUV nyingi huwa kati ya 1.0 na 1.3.

Sasa tuseme SUV yako ina upana wa mita 1.6 na kitovu cha uzito kiko sentimita 70 juu. Hiyo ni 1.14. Inua bodi hadi kitovu kipande sentimita 5, inashuka kuwa 1.07. Inakaa kitu kidogo, lakini hapo ulikuwa na nafasi ndogo na umekula karibu nusu yake. Ongeza kapu la juu lililojaa masanduku na hiyo nafasi inazidi kuisha.

Hii si nadharia ya darasani. Mwaka 1997 huko Sweden, waandishi wa gazeti la magari walipeleka Mercedes A-Class mpya kwa jaribio la kukwepa kitu kwa ghafla barabarani, na ikapinduka. Ilikuwa gari fupi lakini refu kwenda juu. Mercedes ikasimamisha mauzo, ikabadilisha saspensheni na kuweka mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari isiteleze. Kampuni kubwa hivyo, na mainjinia wake wote, ilikamatwa na urefu. Wewe na spesa ya aluminiamu mko na bahati gani zaidi?

Na kwetu hicho kitu cha kukwepa hakikosi. Ni boda imeingia bila kuangalia, ng'ombe wa Kajiado, shimo limefunikwa na maji, ama nganya imesimama katikati ya barabara kushukisha watu.

Pesa ya kwanza: vitu vimechoka

Msee akikuambia SUV yake "inaogelea" kwa highway, mara nyingi haihitaji kifaa kipya cha Instagram. Inahitaji vile ilivyokuwa ikitoka kiwandani. Kwa hivyo anza na tairi. Cheki presha asubuhi tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko kiko kwa nguzo ya mlango wa dere, si ile namba fundi wa pancha anakumbuka. Tairi za matope zenye meno makubwa zinakaa poa, lakini yale meno hujipinda kwa kona na ndio maana usukani unajibu pole pole. Kama unaishi kwa lami, tairi nzuri ya lami ndiyo mabadiliko makubwa zaidi utafanya kwa siku moja.

Halafu ingia chini. Bushi za loa amu, boli joinsi, linki za stabilaiza, maunti za juu. Kwa Prado, ambayo nyuma ina ekseli nzima, angalia pia ile chuma ndefu inayovuka kuzuia ekseli isiende upande. Bushi zake zikiisha, mkia unayumba kila ukibadilisha laini, na watu wanaanza kulaumu upepo.

Maliza na alaimenti. Tairi ikilika upande wa ndani pekee, hiyo ni barua gari imekuandikia, isome.

Pesa ya pili: shoki

Wengi huchanganya kazi ya springi na ya shoki. Springi inabeba uzito. Shoki inaamua uzito utembee kwa haraka gani. Shoki ikichoka, ndai inaruka baada ya tuta kama mtoi kwa trampolini, inainamisha pua ukishika breki, na tairi inagusa lami kidogo kidogo badala ya kuikalia. Tairi ikiwa hewani, breki haina kazi, hata ikiwa mpya. Ukitaka kujua hali, pita kwa zile viungo vya Expressway. Gari fiti inagonga mara moja na kutulia. Ile imechoka inaendelea kucheza hadi kiungo kinachofuata.

Dalili zingine ni mafuta yakitoka kwa shoki na tairi ikilika kwa viraka. Ukibadilisha, badilisha mbili za mbele pamoja ama mbili za nyuma pamoja, usiweke moja tu. Weka maunti na vile vizuizi vya mpira kwa wakati mmoja, kwa sababu kazi ya kufungua unalipia tu mara moja.

Kwa chaguo, usianze na jina, anza na matumizi. KYB Excel-G imetengenezwa kurudisha gari karibu na hali ya kiwanda, na kwa wengi hiyo inatosha kabisa. Bilstein B6 ni ngumu zaidi, inatumia muundo wa mrija mmoja unaovumilia joto vizuri, na haibadilishi urefu. Ni ya msee anasafiri sana na anataka bodi itulie. Old Man Emu kutoka Australia ilitengenezwa ikifikiria mizigo na njia mbovu. Ukiiweka na springi za kubeba mzigo na kila siku uko peke yako ndani, itakupiga mgongo bure. Na chunga feki. Bei ikiwa nusu ya duka zingine zote, kuna sababu, na sababu hiyo utaipata kwa kona.

Pesa ya tatu: stabilaiza

Hii ndiyo siri ya SUV inayopinda vizuri bila kushushwa. Stabilaiza ni ile chuma inaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale kwa kona. Ugumu wake unapanda haraka sana na unene: kutoka milimita 20 hadi 22 unapata ugumu wa karibu asilimia 46 zaidi, ikiwa chuma ni ya aina moja. Ukienda moja kwa moja, faraja haibadiliki sana. Ukiingia kona, unaona tofauti.

Kwa Subaru Forester na ndugu zake, vifaa hivi vipo, Whiteline ikiwa moja ya majina yanayojulikana. Lakini usiwe na tamaa. Stabilaiza nene sana nyuma peke yake inaweza kufanya mkia utoroke kwa mvua. Panda saizi moja, endesha wiki kadhaa, ndio uamue. Kwa Prado, uliza kama yako ina KDSS, ule mfumo wa haidroliki unaosimamia stabilaiza. Kama ipo, usiruhusu fundi asiyeijua aiguse, hasa akitaka kuinua gari.

Na kama lazima uinue?

Haki itendeke: kuna watu urefu ni haja, si maringo. Barabara ya kwenu ikigeuka mto kila Aprili, ama matuta ya mtaa yanakwaruza tumbo la gari kila jioni, hiyo ni shida halali. Wengine ndai imelala nyuma kwa sababu springi zimechoka. Dawa hapo ni springi mpya zilizopimwa kwa uzito unaobeba, pamoja na shoki zinazolingana nazo, na alaimenti baada ya kazi.

Mipira ya kupachika kwa springi ni kitu kingine. Inazuia sehemu moja ya springi kufanya kazi, na inaacha shoki ikiwa imevutika tayari, kwa hivyo gurudumu likishuka kwa shimo halina pa kwenda. Spesa za juu nazo zinapinda pembe za loa amu na za zile ekseli fupi za mbele. Ukiinua sana, bolijoinsi na mipira ya ekseli zinaanza kulia mapema. Taa pia zinapanda na kuchoma macho ya wenye wanakuja mbele yako. Na kukata springi ama kuzichoma na moto ndio zishuke, hapana. Hiyo ni kuharibu chuma ilivyopikwa.

Maswali ya kuuliza fundi kabla utoe simu kulipa

Umepata nini kimechoka, na unaweza kunionyesha? Hii kitu inabadilisha urefu ama inabadilisha tabia ya gari? Shoki na springi zinalingana? Nani anafanya alaimenti, na nitapewa karatasi ya vipimo kabla na baada? Fundi mzuri atapenda hayo maswali. Yule atakasirika, mwachie foleni yake.

Mwisho wa siku ndai ni yako na doo ni yako. Lakini wale wamekaa kiti cha nyuma hawakuulizwa kuhusu spesa. Mathee anaenda ushago, mtoi amelala na mkanda, beste aliyetoa mafuta. Hao wanaamini tu kwamba ukikata kona, gari itakata na wewe. Tumia pesa yako kwanza hapo, halafu kama itabaki, piga picha.