Tumtibu mlevi kabla hajalazwa

Mwaka 2010 pombe haramu iliyotiwa methanoli, kemikali inayopofusha na kuua, iliangamiza watu hapa mtaani Shauri Moyo, Nairobi. Mwaka uo huo ikapitishwa sheria ya kudhibiti vileo, maarufu kama Sheria ya Mututho. Hata hivyo, mwezi Mei 2014 sumu iyo hiyo iliua wengi Embu, Kiambu na kwingineko. Kila mara polisi walimwaga pombe, wodi zikajaa, kisha tukasahau.

Wapo wanenao kwamba mlevi hana haya tu, na kwamba akishauriana na moyo wake, kama lilivyo jina la mtaa, ataacha. Mimi nasema aliyetekwa na pombe ni mgonjwa, na kutomtibu ndiko ghali. Leo atashonwa jeraha la kuanguka, kesho atatibiwa tumbo, mtondo ini. Gharama hizo huandikwa kuwa za mfupa, za tumbo na za ini. Ulevi uliozizaa hautajwi.

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani, Holder na Blose, walichapisha uchunguzi wa miaka 14. Walionyesha kwamba gharama za matibabu za waliotibiwa ulevi zilikuwa chini kuliko za wenzao wasiotibiwa.

Wala si lazima kila mgonjwa alazwe. Wengi waweza kuhudhuria zahanati, wakapata ushauri nasaha na dawa, kisha wakarejea kwao. Kitanda ni cha wale wapatwao na degedege au kuweweseka waachapo pombe. Mwaka 2014 hospitali ya Mathari ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni, nao wakawa wakija na kurudi makwao. Kwa nini mlevi asihudumiwe vivyo hivyo karibu na nyumbani?

Walimu, mwanafunzi mnayemrudisha nyumbani kwa kukosa karo huenda karo yake haikuishia kilabuni pekee, bali pia kwenye dirisha la malipo la hospitali. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu ambaye babake ni mlevi. Mwelezeni kuwa NACADA ina simu ya msaada, nambari 1192.

Serikali haina budi kuipeleka tiba hii katika zahanati za mitaa na kuitengea fedha. Tusipoziba ufa, tutajenga ukuta. Na ukuta huu tunaujenga kila siku wodini.