Stika si sheria

Nani aliwaambia ukifungua kinanda chako cha umeme waranti inakufa? Muuzaji. Sasa mlitarajia aseme nini?

Kila nikiposti video nikiwa na bisibisi naletewa maneno yaleyale: "Bro, ushaua waranti." Chuo niliacha, lakini kusoma sikuacha. Skizeni.

Hapa kuna vitu viwili, na maduka yanapenda tuvichanganye.

Cha kwanza ni waranti ya kampuni. Hiyo ni ahadi yao, ina masharti yao. Kama karatasi imekataza kufungua, watakusumbua ukitaka kutengenezewa bure. Kwa hivyo isome kwanza.

Cha pili ni haki yako kisheria, na hiyo haikai kwenye stika. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Haki zake hazifutiki hata ukitia sahihi mkataba unaosema zimefutwa. Sasa kijikaratasi juu ya skrubu kitazifuta vipi?

Marekani, Aprili 2018, tume yao ya biashara, FTC, iliandikia kampuni sita barua za onyo kwa mambo kama haya. Sheria yao haifiki Kisauni, najua. Lakini hoja inafika: unayenikatalia, nionyeshe kwamba kufungua kwangu ndiko kulikoharibu.

Ukichoma bodi mwenyewe kwa kulehemu vibaya, huo mzigo ni wako. Sibishi. Lakini shida nyingi za vinanda wala hazifiki huko. Chini ya vibonye kuna ukanda wa mpira wenye vidoti vyeusi. Ukibonyeza, kidoti kinagusa bodi, sauti inatoka. Vumbi likiingia pale, noti inanyamaza, au inalia kwa nguvu mpaka unashtuka. Dawa yake ni kuchomoa umeme, kufungua, na kupangusa kwa pamba na spiriti. Basi!

Changu kilinyamaza noti tatu. Duka, silitaji, likasema kipelekwe Nairobi, nauli juu yangu. Kwa vumbi!

Na hili kwangu si la pesa tu. Naishi Mwakirunge. Taka za Mombasa zinamwagwa huku kwetu. Kila kifaa mnachoambiwa "usiguse, nunua kingine," safari yake inaishia huku, na waya zikichomwa ili itolewe shaba, moshi tunavuta sisi. Wanaobandika stika hawapo.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Tunza risiti. Kikiwa bado kipya, mpe muuzaji nafasi kwanza, tena kwa maandishi, hata WhatsApp ni sawa. Akikuzungusha, piga video kasoro ionekane kabla hujagusa skrubu hata moja, na uendelee kurekodi ukifungua. Akikataa kabisa, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai hadi Sh1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Kitu umekilipia, halafu uombe ruhusa kukipangusa vumbi? Zii.