Maji ya Ndoo ya Giligilani Nayo ni Chakula

Katika jumuiya zetu za mjini zipo familia zisizo na hata hatua tatu za udongo, lakini barazani pana ndoo yenye giligilani, mnanaa na mrehani. Mimea hiyo hukua katika maji yaliyotiwa virutubisho, kilimo ambacho wataalamu hukiita haidroponiki. Ni jambo la kupongezwa. Lakini tunajali mmea na kuyasahau maji. Kwa maoni yangu, maji ya ndoo ile yatunzwe kama tunavyotunza maji ya kunywa.

Kwanza, tuangalie yanakotoka. Giligilani hutiwa kwenye kachumbari ikiwa mbichi, wala hakuna moto wa kuua vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo. Basi maji ya mtaro, au ya kisima kilicho jirani na choo, yasitumike kabisa. Ndugu wa pwani wakumbuke pia kuwa maji ya kisima yenye chumvi hudumaza mimea. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi yanafaa zaidi.

Pili, virutubisho. Mbolea ya kawaida ya NPK ina naitrojeni, fosforasi na potasiamu, lakini mmea huhitaji pia kalsiamu, magnesiamu, chuma na vingine kidogo kidogo. Katika udongo huvipata humo humo. Katika ndoo hupata kile tu tulichokitia. Kwa hiyo tununue mbolea iliyotengenezwa kwa kilimo cha maji na kufuata kipimo chake. Ikiwa ni ya mafungu mawili, yasichanganywe yakiwa makali, maana kalsiamu huganda na kutuama chini bila faida. Kila fungu litiwe peke yake katika maji mengi. Uchachu wa maji uwe kati ya pH 5.5 na 6.5, karatasi za kupimia zinatosha. Ncha za majani zikiungua, usikimbilie kuongeza mbolea. Huenda imezidi, hivyo ongeza maji matupu. Maji yote yabadilishwe kila baada ya wiki mbili hivi.

Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, ni usalama wa watoto. Katika nyumba moja niliikuta mbolea iliyoyeyushwa imewekwa kwenye chupa ya soda, kando ya mtungi wa maji ya kunywa. Mama alisema, “Watoto wanajua.” Mtoto wa miaka miwili anajua nini? Mbolea ikae juu, katika chombo chenye alama, na kamwe isiwe chupa ya kinywaji. Maji yaliyokwisha kutumika yasimwagwe karibu na kisima, kwa sababu nitrati ikizidi katika maji ya kunywa huweza kuzuia damu ya mtoto mchanga kubeba hewa, hata ngozi yake ikageuka bluu.

Tena ndoo ifunikwe, ibaki mitundu ya mashina tu, nayo izibwe vizuri. Mbu wa homa ya dengue hutaga katika maji yaliyotuama nyumbani, na Dar es Salaam iliionja homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019. Mfuniko usiopitisha mwanga huzuia pia ukijani majini.

Wazazi wapendwa, asiyeweza kutunza maji haya ni afadhali anunue fungu la giligilani sokoni na kuliosha vizuri. Anayeweza, aanze na ndoo moja. Kinga ni bora kuliko tiba.