Dirisha Jeusi na Mwalimu wa Lugha

Liko kosa linalorudiwa muhula baada ya muhula katika shule zetu hapa Uganda, nalo ni kumtenga mwalimu wa lugha na chumba cha kompyuta. Somo hilo hukabidhiwa mwalimu wa hisabati au wa fizikia, naye mwalimu wa Kiswahili hubaki na chaki yake, kana kwamba mashine ile haina uhusiano wowote na maneno. Wanafunzi nao hufundishwa kusukuma kipanya, kupaka vichwa vya habari rangi na kutaja sehemu za mashine. Hutoka humo wakijua kupamba waraka. Kuuhoji waraka hawajui.

Husemwa kwamba dirisha la amri, lile jeusi lisilo na picha, ni la wahandisi. Madai haya hayana msingi hata katika historia yake. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani, ulinunuliwa mashine bora zaidi kwa ahadi ya kuandaa maandishi, na mwaka 1971 miongoni mwa watumiaji wake wa mwanzo walikuwa wapiga chapa wa idara ya hataza. Makarani! Mwaka 1973, kwa kusisitiza kwake Doug McIlroy, amri moja iliwezeshwa kumimina matokeo yake katika amri nyingine kupitia alama ya |, mithili ya maji yapitayo bombani. Tangu hapo, amri ndogondogo, hii ya kutafuta, ile ya kupanga, nyingine ya kuhesabu, huungwa pamoja na kufanya kazi ambayo mtu angeifanya kwa kalamu juma zima.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Bunge la Tanzania huchapisha Majadiliano yake kwa Kiswahili, nayo ni hazina kubwa ya Kiswahili cha siasa. Tuseme raia anataka kujua neno “maji” limetajwa mara ngapi katika kikao. Hugeuza faili ya PDF kuwa maandishi matupu kwa amri ya pdftotext, kisha fundi asiyejua Kiswahili humwandikia:

grep -c maji kikao.txt

Jibu litakuwa kubwa, na litakuwa la uongo. Kwanza, amri hiyo huhesabu mistari, si maneno. Pili, hunasa “majina” na “majirani”, na hunasa “majibu”, neno ambalo bungeni halikauki. Bunge lililojaa majibu litaonekana limejaa maji. Anayejua lugha ataandika hivi:

grep -iow maji kikao.txt | wc -l

Herufi hizo tatu zaagiza kwamba herufi kubwa na ndogo zihesabiwe sawa, kila tukio lisimame peke yake, na neno liwe zima. Hata hivyo “Wizara ya Maji” imo ndani ya hesabu, na ni juu ya msomaji kuamua kama kutaja wizara ni kuzungumzia maji. Uamuzi huo ni wa mtu wa lugha, si wa fundi.

Lakini utamu wenyewe uko katika kitenzi. Tunawafundisha wanafunzi kwamba “tutajenga” ni tu-ta-jeng-a, nao huuliza elimu hiyo ya viambishi itawafaa nini maishani. Basi na wapewe hotuba za miaka mitano za mtu anayeomba kura tena, wahesabu ahadi na utekelezaji:

grep -Eiow 'tuta[a-z]+' hotuba.txt | sort | uniq -c | sort -rn

Wakiisha, waweke “tume” mahali pa “tuta”. Yale ya wakati ujao yatajipanga kwa wingi wake, na yaliyokwisha kutendeka yatajipanga vivyo hivyo. Hapo ndipo sarufi hudai haki yake: ruwaza ya kwanza itanasa pia “tutafute”, “tutazame” na “tutatue”, ambayo si wakati ujao hata kidogo, ni dhamira tegemezi, na ile “ta” ni sehemu ya mzizi. Kompyuta haitalijua hilo daima. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefundishwa vyema atalijua.

Nasikia pingamizi la siku hizi: ya nini taabu yote hiyo, ilhali akili mnemba itamwambia mtu idadi kwa kuulizwa tu? Itamwambia, ndiyo. Na mpinzani wake naye akiiuliza huenda akaambiwa idadi nyingine, na hakuna kati yao atakayeweza kuonyesha njia aliyopita. Amri huonyesha njia. Mistari mitatu au minne ikihifadhiwa katika faili iitwayo hesabu.sh, jirani ataiendesha kwa maandishi yaleyale, apate jibu lilelile, au auone upungufu wangu na kuurekebisha mbele ya watu. Mjadala wa kiraia usio na ushahidi wa namna hii ni kelele za wenye sauti kubwa.

Gharama si hoja. Zana hizi ni za bure, hufanya kazi katika kompyuta kuukuu zenye Linux, na hata katika simu ya Android kwa programu ya Termux. Zikishawekwa, hazihitaji intaneti. Tahadhari ni chache: mtu afanye kazi kwenye nakala, kwa kuwa amri ya rm haina huruma, na asielekeze matokeo ya sort katika faili ileile anayoipanga, maana ataikuta tupu.

Kinachonikera zaidi hakimo shuleni. Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola. Ofisi inayochapa ripoti yake, ikaigonga muhuri, kisha ikaipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuitundika mtandaoni, hudhani imetimiza wajibu. Raia akiipitisha katika pdftotext haambulii hata neno moja, kwa sababu ndani mna picha, hamna maandishi. Faili ya awali, iliyoandikwa na karani kwa vidole vyake, ipo katika kompyuta ya ofisi hiyohiyo. Hiyo ndiyo tuiombe, kwa barua, kwa jina lake, tukieleza wazi kwamba tunataka maandishi na si picha.