Ziwa ni Letu, Njia ya Kulifikia ni ya Nani?

Shule zinapofungwa, magazeti yetu hujaa picha za bahari. Mzazi huonyeshwa minazi, mchanga mweupe na hoteli yenye kidimbwi cha kuogelea, akaambiwa kwamba hiyo ndiyo likizo. Mzazi wa Ahero, ambaye amekwisha kulipa karo ya muhula uliopita na anaitafuta ya muhula ujao, huitazama picha hiyo kisha akaifungia sukari. Hata hivyo, mzazi huyo anaishi mwendo wa kilomita zipatazo 25 kutoka Kisumu, penye ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika. Swali ninalotaka kulijadili ni dogo, na kwa maoni yangu halijajibiwa ipasavyo: mzazi huyo na watoto wake wakifika Kisumu wakiwa na nauli ya kwenda na kurudi na fedha za samaki mmoja, watapata wapi mahali pa kukaa kando ya maji bila kuulizwa wamefuata nini?

Kazi yangu ni lugha, hivyo msomaji aniwie radhi nikianza na maneno. Kiswahili kina neno pwani, ambalo asili yake ni kitenzi pwa. Pwani ni mahali maji yanapokupwa. Ziwa letu halina maji kupwa na maji kujaa, kwa hiyo neno hilo halikuweza kusafiri mpaka huku. Badala yake watu wa Kisumu, wanapozungumza Kiswahili, husema bichi. Lakini bichi ya Kisumu si bichi ya Mombasa. Kule ni mahali pa kujipumzisha. Huku ni mahali mashua zinapotia nanga alfajiri, samaki wanapopimwa kwa mizani, na akina mama wanapoanika omena. Hata Serikali, ilipotoa kanuni za 2007 kuhusu vikundi vya usimamizi wa bichi, ilikusudia wavuvi, wachuuzi na wenye mashua, si watu walio likizoni. Kidholuo nacho husema dho nam, yaani mdomo wa ziwa, kama vile mlango wa nyumba unavyoitwa dhoot, mdomo wa nyumba. Naupenda usemi huo kwa sababu unadokeza jambo ambalo neno bichi limelificha: ufuo ni mlango, na kila mlango una anayeufungua na anayeufunga.

Likizo iliyopita niliwachukua watoto watatu wa dada yangu ili tuone siku moja ya matembezi ingegharimu nini. Tulianzia papo hapo Ahero, katika mashamba ya mpunga ya mradi wa unyunyizaji ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ambao hupata maji yake kutoka mto Nyando. Maksai walikuwa wakilima, na nyuma yao walifuata yangeyange weupe kama pamba, kwarara, na wale korongo wenye mdomo ulioachana katikati, ambao huchokora konokono matopeni. Wageni hutoka Ulaya na darubini zao kuja kuwaona ndege kama hawa. Mtoto mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alinitazama kwa mshangao.

"Mjomba, hapa si pa kutembelea," akasema. "Hapa tunafukuza ndege."

Alisema kweli. Mpunga unapokomaa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi makubwa, na watoto hushinda shambani wakipiga makopo na kurusha udongo. Ndege kwao ni kazi, kama bichi ilivyo kazi kwa mtoto wa Dunga. Tulikaa juu ya tuta kwa nusu saa, tukahesabu aina tisa, na yule aliyeanza kwa kulalamika ndiye aliyekataa kuondoka. Hatukutoa hata senti moja. (Neno ahero kwa Kidholuo ni "napenda", na wanafunzi wangu hawachoki kunitania kwalo.)

Mjini Kisumu tuliingia Makumbusho, yaliyofunguliwa 1980, kwa kiingilio ambacho mwananchi hakimshindi sana. Humo mna nyoka, mamba na kobe, lakini kilichowashika watoto ni boma la Kijaluo lililojengwa uani: nyumba ya mke mkubwa mahali pake, ya mke wa pili mahali pake, ghala, na zizi. Mdogo wao alitaka kujua baba alikuwa akilala wapi, swali ambalo nililiacha limjibiwe na mama yake jioni. Ipo pia hifadhi ya swala, iliyotengwa 1992 kando ya ziwa, ingawa ada yake humfanya mwenye watoto watano kupiga hesabu mara mbili. Kit Mikayi, yale majabali ya Seme ambayo jina lake ni "jiwe la mke mkubwa", yanahitaji siku yake peke yake.

Baadaye tukayatafuta maji. Nilikumbuka njia moja ya miguu ambayo tuliipita nilipokuwa mwanafunzi, tukitoka barabarani hadi ukingoni. Penye njia hiyo sasa pana lango la mahali pa starehe. Mlinzi alitusalimu kwa adabu, akauliza tutaagiza nini. Nilipojibu kwamba tumekuja kulitazama ziwa tu, alitabasamu kwa huruma, maana yeye naye ni mwajiriwa.

"Mzee," akasema, "ziwa liko ndani."

Maneno hayo hayajanitoka. Mimi si mwanasheria, lakini najua kusoma. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inayataja maziwa na mito miongoni mwa ardhi ya umma. Kifungu hicho hicho kinataja pia ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa, maneno ambayo ni dhahiri yalitungwa na mtu aliyekuwa akiifikiria bahari. Mtoto wa Mombasa ana ukanda wa mchanga ambao maji yenyewe humchorea mara mbili kwa siku. Mtoto wa ziwani anategemea kanuni za mazingira, zikiwemo zile za 2009 kuhusu maeneo ya majimaji, kingo za mito na fuo za maziwa, ambazo zinazuia ufuo kuharibiwa. Kuzuia ufuo usiharibiwe ni jambo jema, lakini si sawa na kumpa mtu njia ya kuufikia. Ziwa linaweza kuwa mali yetu sote, na ardhi inayolizunguka ikagawanywa kiwanja kwa kiwanja hadi pasibaki pa kupitisha hata baiskeli. Hapo tutakuwa na mali tusiyoweza kuigusa, na hakuna sheria itakayokuwa imevunjwa.

Watetezi wa hoteli watasema kwamba hoteli huleta kazi na kodi, na kwamba mahali pa wazi hugeuka kuwa jaa la takataka na maskani ya wezi. Hoja ya kwanza naikubali. Ya pili inategemea ni nani aliyepewa jukumu la kufagia. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa na kufunguliwa tena 2009; jioni familia za Mji Mkongwe huketi humo pamoja na watalii, wakitazamana na bahari, na anayenunua mshikaki hukaa ubavuni mwa asiyenunua. Mombasa ina bichi ya umma ya Jomo Kenyatta, Bamburi, ambako wakati wa Krismasi wakazi wa vitongoji humiminika na vyungu vyao vya pilau. Kisumu, mji ambao reli iliufikia 1901, ambao ulipandishwa hadhi kuwa jiji 2001, na ambao uliupokea mkutano wa miji ya Afrika 2022, haukosi akili ya kufanya jambo kama hilo.

Tulikuwa na mahali petu, ingawa palikuwa na moshi na inzi. Lwang'ni, jina ambalo maana yake ndiyo hiyo hiyo ya inzi, palikuwa na vibanda vya mabati ukingoni kabisa mwa maji, ambako familia iliweza kuagiza ngege mmoja mkubwa na ugali, ikala kwa mikono huku ikitazama ziwa. Waziri alikula pale, na utingo wa matatu akala pale. Vibanda hivyo vilibomolewa wakati wa ukarabati wa bandari, kabla ya sherehe za Madaraka za 2021. Sidai kwamba palikuwa safi. Karibu yake watu waliosha magari wakiwa wamesimama majini. Nasema kwamba palipoondolewa, sikuona aliyeuliza mtu mwenye samaki mmoja na watoto watatu atakula wapi sasa.

Siku ile tulimalizia Dunga. Mama mmoja muuza samaki alitupisha kwenye ubao wake bila kutuuliza chochote, akawaonyesha watoto jinsi mafunjo yanavyosukwa kuwa mkeka. Nilipotaka kumlipa kwa kutupotezea wakati, alikataa, akanunuliwa samaki. Watoto waliomba kuingia majini, nikawakataza, kwa kuwa kichocho kimo katika fuo zile na hapakuwa na kibao chochote cha kumwonya mgeni asiyejua. Jua lilipoanza kuzama tulisogea Hippo Point, tukasimama kando ya barabara pamoja na watu wengine waliokuja kwa shughuli hiyo hiyo. Kiboko hatukumwona, na kwa watoto wale hilo lilikuwa dosari pekee ya siku.

Ninachokiomba kwa Serikali ya Kaunti hakihitaji mkopo wa kigeni. Ipimwe njia ya miguu ya kwenda majini katika kila mtaa unaopakana na ziwa, iandikwe katika ramani ya jiji kabla kiwanja kinachofuata hakijatolewa, na iwekewe alama ambayo mlinzi wa lango na mpita njia wote wataielewa. Panapo njia pawe na mti wa kivuli, choo, pipa la taka na kibao cha kuonya kuhusu kichocho na viboko, kwa Kidholuo na kwa Kiswahili. Na katika shughuli hiyo yote wauza samaki wa Dunga wasiondolewe kwa jina la kupendezesha mji, maana hao ndio waliotupokea.

Watoto wamekwisha kuniuliza tutarudi lini. Nimewaahidi likizo ya Agosti, na mkubwa ameshaniwekea sharti kwamba tufike Dunga alfajiri, kabla mashua hazijarejea, na kwamba aina za ndege tuzihesabu upya.