Kurusha Droni Si Kazi, Kazi Ni Kugawa Mzigo

Leo nina neno na wale wote wanaoshangilia droni kana kwamba zenyewe ndizo mtandao.

Kila mafuriko yanapokata barabara na kuzima minara ya simu (tunayoiita busta), hakosekani mtu wa kusema: "Si warushe droni zenye mitambo ya simu, mambo yaishe?" Mambo hayaishi. Yanaanza. Mimi ni mwandika programu na kugawa mzigo kati ya tarakilishi kadhaa ni sehemu ya kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nasema wazi: anayerusha droni mbili bila kueleza nani atahudumiwa na ipi, hajajenga mtandao. Amerusha vyuma.

Kwamba mtambo wa simu unaweza kukaa angani, hilo tulishalijua. Baada ya kimbunga Maria kuipiga Puerto Rico Septemba 2017, kampuni ya AT&T ilipeleka huko droni iliyofungwa kwa kebo ya umeme na data, ikielea futi 200 juu ya ardhi. Hapa kwetu, Julai 2020, Loon ya Alphabet ikishirikiana na Telkom Kenya ilianza kutoa huduma kwa mabaluni kama 35 yaliyoelea kilomita 20 angani, yakilenga eneo la karibu kilomita mraba 50,000. Januari 2021 Alphabet ilitangaza kwamba inaufunga mradi huo. Baluni si droni, najua, lakini funzo ni moja: kupaa kunawezekana. Ugumu uko kwingine.

Ugumu ni huu. Simu yako haichagui mtambo wenye nafasi. Kwa kawaida inafuata ule inaousikia kwa nguvu zaidi. Ni kama abiria wanaorundikana kwenye matatu iliyo karibu na lango la soko, wengine wakining'inia mlangoni, na hatua 50 mbele kuna matatu nyingine yenye viti vitupu. Kwenye tarakilishi zangu mambo ni rahisi, kwa sababu ombi la mtumiaji halijali limejibiwa na mashine ipi. Redio inajali. Ukimhamishia mtu kwenye droni ya mbali, mawimbi yanamfikia yakiwa dhaifu, na kumhudumia kunakula muda mwingi zaidi wa mtambo.

Tufanye hesabu, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Hizi ni namba za mfano tu. Tuna droni mbili, kila moja ina uwezo wa megabiti 30 kwa sekunde. Ya kwanza iko juu ya kambi yenye simu 90, ya pili iko juu ya kijiji chenye simu 10. Tukiacha kila simu ijichagulie, watu wa kambini wanapata megabiti 0.33 kila mmoja, na wa kijijini wanapata 3. Jumla ni 60.

Sasa tuhamishe simu 30 zilizo pembezoni mwa kambi ziende kwa droni ya pili. Kwa kuwa ziko mbali nayo, tuseme uwezo wake unashuka kutoka 30 hadi 20. Kambini zimebaki simu 60 zinazogawana 30, kila moja inapata 0.5. Kwa droni ya pili simu 40 zinagawana 20, kila moja inapata 0.5. Jumla imeshuka hadi 50.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Makala nyingi za utafiti nilizosoma kuhusu droni za mawasiliano hupima ushindi kwa jumla ya megabiti. Kwa kipimo hicho tumeharibu, tumepoteza 10! Lakini watu 90 kati ya 100 wamepata nusu zaidi ya walichokuwa nacho, na waliopunguziwa ni 10 waliokuwa wakiogelea kwenye megabiti 3. Ndugu msomaji, kama wewe ndiye uliye pembezoni mwa kambi ukimtafuta mtoto wako kwa simu, jumla inakusaidia nini?

Wala siombi huruma, naomba hesabu bora. Tangu miaka ya 1990 mwanahisabati Frank Kelly wa Cambridge alionyesha njia ya kugawa kwa uwiano: usijumlishe kasi, jumlisha logarithimu zake. Kwa mfano wetu, mgao wa kwanza unatoa kama hasi 88 na wa pili kama hasi 69. Wa pili unashinda, tena kwa mbali. Na kifaa cha kuhamisha simu kipo. Viwango vya LTE vinaruhusu mitambo jirani kuambiana mzigo wao, na mtambo kuiagiza simu imwongezee jirani desibeli kadhaa inapolinganisha mawimbi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba teknolojia haijafika.

Najua jibu la wapenzi wa droni: "Droni ina mabawa, isogeze iende kwenye umati." Sawa. Ikisogea, mawimbi yanabadilika kwa kila simu kwa wakati mmoja. Simu zinahama, mzigo unahama, kisha programu inaona umati mpya na kuisogeza droni tena. Usipoweka breki, simu zitarushwa huku na huku kama mpira na mazungumzo yatakatika. Na wale 10 wa kijijini je? Droni inayokimbilia umati kila mara imeshaamua kwamba wachache si watu.

Wengine watasema ongeza droni. Droni iliyo juu inaonana moja kwa moja na simu nyingi, kwa hiyo zikitumia masafa yaleyale zinapigiana kelele. Tena zote zikipitisha data kwenye kiungo kimoja cha ardhini, umeongeza milango ya nyumba yenye ngazi moja. Na droni isiyo na kebo, ile ya mapanga mengi, ikibeba mtambo hukaa hewani nusu saa hivi, ikashuka kuchajiwa. Watu wake wote wanamwangukia jirani kwa mkupuo.

Kwa hiyo atakayetuletea mtandao wa droni wakati wa maafa namdai mambo matatu. Kwanza, aseme hadharani anapima nini: jumla, au fungu la aliye nyuma kabisa. Pili, aanze kuhamisha watumiaji kabla betri haijaisha, si baada. Tatu, ujumbe mfupi utangulie video. SMS nzima ni baiti 140. Sekunde moja ya video ya megabiti moja ni baiti 125,000, yaani karibu jumbe 900 za "niko hai". Mtambo unaowapanga hao wawili foleni moja kama walio sawa umepangwa na mtu asiyewahi kusubiri ujumbe huo.

Mstari mmoja wa programu unaosema "ongeza jumla" ni uamuzi wa nani asubiri na nani apite. Tusikubali uamuzi huo ufichwe ndani ya fomula na kuitwa ufundi.

Nimesema. Anayeona nimekosea alete namba zake tubishane. Picha za droni zikipaa nimeshaziona za kutosha.